Visu vya Jikoni: Namna ya Kuchagua Vichache Vilivyo Bora

Mkulima, fedha za mavuno zina kazi nyingi: mbegu, mavazi, dawa na masomo ya watoto. Kwa hiyo, uendapo sokoni kununua visu, usivutwe na furushi la visu 6 au 8 vyenye mipini ya rangi. Katika furushi hilo viwili ndivyo vitakavyotumika. Vilivyosalia vitalala na kuharibika. Visu viwili vilivyo imara, pamoja na kinoo kimoja, vyatosha kwa kazi zote za kila siku za jikoni.

1. Visu vinavyohitajika

Cha kwanza ni kisu kikubwa, chenye bamba la urefu wa inchi 7 au 8. Hiki ni cha kukatia nyama, mboga, kabichi na maboga. Cha pili ni kisu kidogo cha inchi 3 au 4, cha kumenyea viazi na ndizi na kutengenezea samaki. Mifupa, nazi na kuni ni kazi ya panga. Kisu kitumiwacho kwa kazi hizo humeguka makali.

Ikiwa wafuga mbuzi au ng'ombe, ongeza kisu cha kuchunia, chenye makali yaliyopinda na ncha butu. Ncha kali hutoboa ngozi, na ngozi yenye tundu hushuka bei.

2. Chuma chake

Visu ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni chuma cha pua cha kawaida, chenye kaboni kidogo ndani yake. Hunoleka upesi na kuwa kikali sana, lakini hushika kutu, na maji ya ndimu hukitia weusi. Wahunzi wetu hufua visu vizuri vya namna hii kwa springi kuukuu za motokaa, navyo mara nyingi ni vya bei nafuu.

Namna ya pili ni chuma kisichoshika kutu upesi. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha chuma chenye kromiamu karibu sehemu 13 katika 100, nacho kikatumika kutengenezea visu. Chafaa sana pwani, penye hewa ya chumvi. Lakini kung'aa si ushahidi wa ubora: vingine ni laini, na makali yake hayadumu.

3. Kukagua kabla ya kununua

Tazama msuka, yaani chuma kiingiacho katika mpini. Ulio bora hufika mwisho wa mpini na kushikwa kwa misumari 2 au 3. Bamba lisitikisike. Kisha ukunje ubao wa kisu kidogo tu, kwa uangalifu: bamba zuri hunyoka tena, bovu hubaki limepinda. Ukinunua kisu kilichokwisha tumika, kikatae chenye doa la buluu karibu na makali. Hiyo ni alama ya kuunguzwa, na chuma kilichoungua hulegea.

4. Kunoa

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kisu butu hulazimu kugandamizwa, nacho huteleza na kukata kidole; na mkono wenye jeraha haushiki jembe wakati wa palizi.

Lowesha kinoo. Laza kisu, kisha uinue mgongo wake kwa kadiri ya robo ya upana wa bamba: bamba la sentimita 4 huinuliwa sentimita 1. Sugua upande mmoja, toka shinani mpaka nchani, hata uhisi ukingo mwembamba uliokunjika upande wa pili. Geuza, ufanye vivyo hivyo. Maliza kwa kusugua polepole, upande huu na huu. Jaribu kwa nyanya: kisu kilichonolewa vema hupasua ganda lake bila kugandamizwa.

5. Kutunza

Katia juu ya ubao, si juu ya jiwe wala sahani. Osha kisu mara umalizapo kazi, ukifute kikauke. Cha chuma cha kawaida kipakwe mafuta kidogo. Kisilale majini, wala kisitumiwe kuchochea moto. Baada ya kukata nyama mbichi, kioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata kachumbari. Kiwekwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Kwa ufupi: nunua vichache, kagua msuka kabla ya rangi ya mpini, na fedha uliyookoa ununue kinoo. Kisu cha bei ndogo kinachonolewa humfaa mwenye nyumba kuliko cha bei kubwa kilichoachwa butu.