Kuunda Kikuza Sauti Nyumbani: Pima Kabla ya Kufunga Spika

Mwanafunzi wa Isikizya aliyepata sanduku la vipuri vya kikuza sauti hana budi kukumbuka kwamba kipuri kikiungua, kingine atakifuata Tabora mjini. (Wapagazi wa zamani wa njia ya Ujiji wangeniona mvivu kwa kuitaja safari hiyo.) Kwa hiyo somo letu lahusu kupima zaidi kuliko kulehemu.

Tuchukue saketi ya LM386. Hiki ni kipande cheusi chenye miguu 8, kitumiacho betri ya volti 9. Kiweke pengo lake likiwa juu: mguu wa 1 ni wa juu kushoto, hesabu hushuka kushoto, kisha hupanda kulia. Mguu wa 6 hupokea chanya. Wa 4 na wa 2 huungwa kwenye hasi. Sauti huingia kwa mguu wa 3 na kutoka kwa wa 5. Spika ya omu 8 kutoka redio mbovu yatosha kabisa.

Kati ya mguu wa 5 na spika pana kapasita ya mikrofaradi 220, ambayo wengi huidhania pambo. Saketi ikiwa kimya, mguu wa 5 hukaa kwenye nusu ya volti za betri, yaani 4.5. Kwa kanuni ya Ohm, 4.5 ÷ 8 ni karibu ampea 0.56, mkondo usiokoma ambao kipande kidogo hivyo hakiwezi kuustahimili. Kapasita huzuia mkondo mnyofu, ikapitisha mkondo geu, ambao ndio sauti. Upande wake chanya uelekee mguu wa 5. Ukigeuzwa, kapasita huweza kuvimba hata kupasuka.

Je, kapasita yoyote yafaa? Kikomo cha chini cha sauti ni 1 ÷ (2πRC). Kwa mikrofaradi 220 twapata mitetemo 90 hivi kwa sekunde; kwa mikrofaradi 10, karibu 1,990. Hapo ngoma haitasikika, na sauti ya msomaji wa habari itakuwa nyembamba kama ya mbu.

Sasa jaribio. Spika ikiwa bado haijafungwa, unga rezista ya omu 100 kati ya chanya ya betri na mguu wa 6. Pima volti zake. Zikiwa karibu 0.4, mkondo ni miliampea 4, na saketi ni nzima. Zikikaribia 9, tenganisha betri upesi, utafute lehemu iliyounganisha miguu miwili. Kisha pima mguu wa 5. Ukionyesha nusu ya volti zilizopo kwenye mguu wa 6, ondoa rezista, unga betri moja kwa moja, ufunge spika.