Begi Lako Lina Kilo Ngapi?

Boriti, kabla ya kubeba mtu yeyote, hujibeba yenyewe kwanza. Hilo ni somo la mwanzo kabisa kwetu tunaosoma uhandisi wa ujenzi. Ukiinenepesha boriti ili iwe imara zaidi, umeongeza pia zege ambalo boriti hiyohiyo lazima ilibebe. Ukiendelea kuongeza bila hesabu, inafika mahali nguvu yake nyingi inaishia kujibeba, na wale watu uliotaka wakae juu yake wanabakiziwa kidogo.

Naandika makala hii kwa sababu kitu hichohicho nakiona kwenye mabegi yetu. Si unajua desturi ya daladala: aliyekaa humpokea aliyesimama mzigo wake. Basi wapo wenzetu ambao ukiwapokea begi unadhani wanahamisha matofali. Uliza ndani kuna nini: laptopu na chaja yake, pawabenki mbili, ekstensheni, tochi, kisu cha kukunja, filimbi, kamba, maji lita mbili, mwavuli na koti la mvua juu yake, dawa za kichwa, za tumbo na za mafua, sindano na uzi, na vyeti vyote tangu darasa la saba. Uliza vya nini vyote hivyo. "Aisee, huwezi jua."

Na kweli huwezi jua. Tahadhari kabla ya hatari, tumelelewa hivyo. Lakini huko kutojua kunatudai tubebe kiasi gani?

Usalama una namba

Wahandisi hawaamini kwamba mambo yataenda sawa. Katika BS 8110, kanuni za zamani za Uingereza za majengo ya zege ambazo bado tunakutana nazo vitabuni, uzito wa jengo lenyewe huzidishwa kwa 1.4, na uzito wa watu na samani huzidishwa kwa 1.6. Namba ya pili ni kubwa kwa sababu watu hawatabiriki kama zege. Ona walichofanya hapo: hofu imekubaliwa, imepewa namba, imeishia hapo. Hakuna anayezidisha kwa 10 eti kwa sababu huwezi jua. Nyumba ya namna hiyo isingejengeka.

Kwa begi pia ipo namba ya kuanzia. Ushauri ambao wanafunzi hupewa mara nyingi ni kwamba begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60, basi, asivuke kilo 6 hadi 9. Sasa hesabu: laptopu na chaja yake ni kama kilo 2 na nusu, maji lita moja ni kilo 1, daftari na kitabu kimoja kinene kilo 1, begi lenyewe likiwa tupu karibu kilo 1. Umeshafika kilo 5 na nusu na hujaweka hata tochi.

Wiki mbili zilizopita tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki tukapima mabegi sita ya kundi letu la kujisomea. Jepesi kuliko yote lilikuwa na kilo 4. Zito lilikuwa na kilo 11, na mwenyewe ana kilo 52, yaani anabeba zaidi ya moja ya tano ya mwili wake kila siku. Tulipolimwaga, hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho peke yake ungesema ni kizito. Haba na haba hujaza kibaba.

Orodha ya nani?

Sehemu kubwa ya mtindo huu tumeuokota mtandaoni. Marekani na Ulaya wapo watu wengi ambao kubeba vifaa vya kujiokoa ni kama mchezo wanaoupenda: wanaanika mezani visu, tochi, viberiti na kamba zao, wanapiga picha, wanashindana. Kwa baadhi yao kuna mantiki. Mtu anayeendesha gari peke yake wakati wa theluji, mahali ambapo nyumba ya karibu iko mbali, akiharibikiwa usiku baridi inaweza kumuua. Akiweka blanketi, koleo na chakula ndani ya gari amefanya la maana. Halafu ni gari linalobeba, si mgongo wake.

Sisi tuko Dar es Salaam. Kila hatua chache kuna duka la Mangi lenye plasta, betri, kiberiti, pini na maji. Duka hilo ni sehemu ya begi lako, ila anayelitunza ni Mangi. Ukibeba plasta 30 unajiandaa kwa nchi isiyo na maduka.

Mahali pakibadilika, hesabu nayo ibadilike. Anayepanda Kilimanjaro anaanza kwenye msitu wa mvua na kumaliza penye barafu, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kule nguo nzito za baridi na tochi ya kichwani si mbwembwe. Hata hivyo mizani ipo: mizigo ya wapagazi hupimwa getini, na kikomo ni kilo 20 kwa mpagazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bila mizani, mgeni angeona kila kitu chake ni cha lazima maadamu habebi yeye.

Mashua ya Franklin

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho kila anayesema "huwezi jua" angekisoma. Mwaka 1845 nahodha John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika. Kwa jumla walikuwa watu 129. Walipakia chakula cha miaka mitatu, na kila meli ilikuwa na maktaba yenye vitabu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1846 meli zilinaswa na barafu. Franklin mwenyewe alifariki mwaka 1847, na Aprili 1848 watu 105 waliokuwa bado hai waliziacha meli wakaanza kutembea, wakivuta mashua zilizofungwa juu ya sledi.

Mwaka 1859 msafara wa McClintock uliokwenda kuwatafuta uliikuta mashua mojawapo kwenye kisiwa cha King William. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya watu wawili. Kulikuwa pia na sabuni, vitana, ndara, leso za hariri, vitabu, na vijiko na uma za fedha. Walikadiria kwamba mashua na sledi yake tu, bila vitu hivyo, vilikuwa na uzito wa karibu kilo 635. Hakuna hata mmoja kati ya wale 129 aliyerudi nyumbani.

Nisieleweke vibaya: si sabuni iliyowaua. Kulikuwa na njaa, maradhi na baridi kali. Lakini watu waliokuwa wanakufa kwa uchovu walikuwa wanavuta uma za fedha juu ya barafu, ilhali Wainuiti wa eneo lilelile waliishi kwa vizazi na vizazi wakiwa na sledi nyepesi, nguo za ngozi na ujuzi wa kuwinda sili. Melini, vitu vile vilikuwa na mahali pake. Safari ilipogeuka kuwa ya miguu, orodha haikupunguzwa vya kutosha.

Ndivyo inavyotutokea. Begi la mwaka wa kwanza, siku ya kuripoti, lilihitaji vyeti na kila kitu. Leo uko mwaka wa tatu na vyeti bado vimo.

Maswali manne

Kila kitu kilichomo kwenye begi kipitishe hapa.

*Kwanza: kimetumika mara ngapi muhula huu?* Wiki 15 za vipindi, siku tano kwa wiki, ni siku 75. Kitu ambacho umekibeba siku zote hizo na kukitumia mara moja kinaweza kukaa chumbani. Pawabenki, chukua mfano. Waliopitia mgao wa umeme wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 hawatanisikiliza nikisema waiache, na wako sahihi. Ila moja ya 10,000 huijaza simu yenye betri ya 5,000 kama mara moja na nusu hivi (si mbili, maana nguvu nyingine hupotea njiani). Hiyo inakufikisha usiku. Ya pili unaibebea nini?

*Pili: nikikikosa, nitaumia vipi na baada ya muda gani?* Hili ndilo swali kubwa. Ukikosa mwavuli utalowa. Mwenye pumu akikosa pampu yake, kinachohesabiwa ni dakika. Pampu ya pumu, dawa ya mwenye kisukari na kitu kitamu cha kumwokoa sukari ikishuka, dawa ya mwenye mzio mkali: hivi havijadiliwi, na vyote kwa pamoja havifiki nusu kilo. Shida ni kwamba kwenye begi la kilo 11 pampu inakuwa chini kabisa, imefunikwa na kamba na koti la mvua. Kitu cha kuokoa uhai kinakaa mfuko wa nje, na rafiki zako wanajua ni upi.

*Tatu: nani aliye karibu anacho?* Kundi la watu sita halihitaji ekstensheni sita. Hata sanduku la huduma ya kwanza, moja kwa darasa linatosha, alimradi kila mtu ajue liko kwa nani.

*Nne: chenyewe kinaleta hatari?* Kisu cha kukunja kinapendeza kwenye picha. Getini unapokaguliwa, kwenye chumba cha mtihani, au usiku mbele ya askari, hicho kisu kinageuka kuwa maelezo marefu. Na ukikutana na kibaka, ukikitoa umeugeuza wizi wa simu kuwa jambo la damu.

Nakala tatu, begi moja

Muhula uliopita dada mmoja wa bweni letu, mwaka wa mwisho, alikuwa kituoni saa moja jioni. Bodaboda ikapita karibu, aliyepakizwa nyuma akavuta begi, wakaondoka. Lilikuwa begi la mtu makini kweli: tochi, filimbi, dawa, koti la mvua. Lilikuwa pia na laptopu yenye utafiti wake wote, diski ya nje yenye nakala ya utafiti huo, na flashi yenye nakala ya tatu. Humohumo mlikuwa na kitambulisho, kadi ya benki, na cheti halisi cha kidato cha sita alichokitoa kwa ajili ya maombi ya kazi.

Wiki mbili ziliishia polisi, benki na kwenye ofisi za vitambulisho. Bahati yake, madodoso ya karatasi yalikuwa chini ya kitanda, akaanza kuyaingiza upya moja moja, usiku, kwenye kompyuta za maktaba. Hakuwahi. Wenzake wamehitimu, yeye anasubiri mwaka unaofuata. Aliniambia, "Mimi nilijiandaa na mvua, giza na homa. Sikujiandaa begi lenyewe liondoke."

Hapo ndo ninaposema mtu amebeba kupita kiasi, hata kama begi lina kilo tatu tu. Nakala tatu ndani ya begi moja ni nakala moja. Tuma kazi yako kwenye barua pepe kila jioni, acha diski chumbani. Cheti halisi kitoke siku ya kuhitajika tu. Siku nyingine tembea na nakala iliyothibitishwa na wakili. Kadi ya benki isikae pamoja na hela yote uliyonayo, hasa wiki ya bumu.

Na wanaokaa mbali?

Mtu anayekaa Chanika au Kibaha, anayetoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi usiku, ataniona nasema hivi kwa sababu kitanda changu kiko karibu na darasa. Ana haki. Yeye hawezi kukimbia chumbani mvua ikinyesha, kwa hiyo koti la mvua na chakula cha mchana ni vyake halali. Ila hata yeye anaweza kuacha vitabu kwa mwenzake anayekaa bweni. Nasi wa bwenini tukiombwa tukubali. Pembe moja ya chumba haitugharimu kitu.

Mimi nabeba laptopu siku zenye kazi yake tu, maji nusu lita ambayo naongeza njiani, daftari moja, pawabenki moja, tochi ndogo, plasta tano na kitambulisho. Siku ya laptopu ni kilo 5. Visivyo na uzito nimevibeba kichwani: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, namba mbili za nyumbani, na milango ya kutokea ya bweni letu. Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Anayejua kuzuia damu kwa kitambaa safi na mkono wake ana faida kuliko mwenye sanduku asilojua kulitumia.

Leo usiku mwaga begi lako kitandani. Fungu la kwanza, vya uhai. Fungu la pili, ulivyovitumia wiki hii. Fungu la tatu, vilivyobaki. Rudisha mawili ya kwanza, na lile la tatu liache chumbani mwezi mzima uone utalikumbuka mara ngapi. Usirudishe kitu "kwa leo tu". Ndivyo vilivyoingia.