Mama wa jamii ya wavuvi aliyechora kitabu: somo kwa kamati za parokia



Kamati zetu zinapopanga bajeti ya darasa la awali, huandika mstari mmoja: "vitabu vya watoto". Ni mara chache mtu kuuliza ni vitabu gani, vimechorwa na nani, na mtoto wa hapa akivifungua ataona nini ndani yake. Hapa Kidahwe, kwenye njia panda ya kwenda Kasulu na Uvinza, tulikuwa na kabati zima la vitabu vilivyotumwa kwa moyo mwema kutoka mbali. Siku moja mtoto aliitazama picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji, akauliza kwa nini wameanika unga wa muhogo juu ya bati. Tulicheka sana. Lakini yule mtoto alikuwa anafanya kazi ambayo kitabu cha picha kinamtaka aifanye: alitafuta kitu anachokijua ili akizungumzie. Alichokipata ni unga wa muhogo ambao haukuwapo.

Somo la toleo hili linatoka India, lakini tunaomba mlisome mkiwa na akili zenu hapa Kigoma.

Mwaka 2010 kampuni ndogo ya uchapishaji ya mjini Chennai, iitwayo Tara Books, ilitoa kitabu cha watoto kinachoitwa Following My Paint Brush, yaani "Nikifuata Brashi Yangu". Picha zote zilichorwa na mama mmoja, Dulari Devi, wa kijiji cha Ranti, wilaya ya Madhubani, katika jimbo la Bihar. Mama huyu anatoka jamii ya Wamallah, ambao kazi yao ya asili ni uvuvi. Hakupata nafasi ya kwenda shule. Alifanya vibarua mashambani, akafagia na kuosha vyombo katika nyumba za watu. Nyumba mojawapo ilikuwa ya Mahasundari Devi, mchoraji mashuhuri, na hapo ndipo alipoanza kutazama, kisha kujaribu, kisha kufundishwa. Kitabu kinasimulia maisha hayohayo. Yeye alisimulia na kuchora. Maneno yaliandikwa na Gita Wolf kutokana na masimulizi yake.

Wanakamati wauangalie mpangilio huo. Sisi katika warsha zetu hufanya kinyume chake: mwalimu anatunga hadithi, kisha tunatafuta kijana wa mjini anayejua kuchora, naye anachora alichoambiwa. Kwa Dulari Devi, mwenye picha ndiye mwenye hadithi.

Uchoraji huo ulitoka wapi? Eneo la Mithila liko kaskazini mwa Bihar, kwenye mpaka wa Nepal. Kwa vizazi vingi akina mama wa huko wamekuwa wakichora kuta za nyumba zao wakati wa harusi na sikukuu, na kuchora sakafuni kwa uji wa mchele uliosagwa. Wageni hawakuingia vyumba hivyo. Tetemeko kubwa la mwaka 1934 lilipobomoa nyumba, ofisa wa serikali ya kikoloni, W. G. Archer, aliyekuja kukagua hasara, aliona michoro hiyo kwenye kuta zilizopasuka, akaipiga picha na baadaye kuiandikia. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1966 na 1967. Bodi ya Kazi za Mikono ya India ilimtuma msanii Bhaskar Kulkarni vijijini akiwa na karatasi, ili akina mama wahamishie michoro ya ukutani kwenye kitu kinachoweza kuuzwa. Msaada wa njaa, kwa maneno mengine, ulikuja pia katika umbo la karatasi tupu. Mmoja wa akina mama hao, Jagdamba Devi, alitunukiwa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 1975. Dulari Devi mwenyewe aliipata mwaka 2021. Tarehe 1 Februari 2025 Waziri wa Fedha wa India alisoma bajeti bungeni akiwa amevaa sari iliyochorwa na mama huyu aliyekuwa akifagia nyumba za watu.

Tusidhani kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Waliopata karatasi mwanzoni walikuwa zaidi wanawake wa matabaka ya juu, kwa sababu wao ndio waliojulikana kwa kuchora harusi. Wanawake wa matabaka ya chini waliingia baadaye na kwa shida. Nasi tukiitisha "akina mama wenye vipaji", huja walewale wa mstari wa mbele kanisani. Anayeuza dagaa barabarani hana habari kwamba kuna kikao.

Sasa picha zenyewe. Ukizitazama utaona kila umbo limezungushiwa mistari miwili, na nafasi kati yake imejazwa vistari vidogovidogo. Uso huonyeshwa ubavu, na jicho moja kubwa. Nafasi tupu ni chache. Pakibaki pengo, hutiwa jani, ndege au samaki. Kuna namna ya kujaza rangi nzito na namna ya kutumia mistari mitupu. Hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu kwa upande wa mfuko. Picha ya mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe hutoka vizuri kwenye mashine ya fotokopi ya steshenari yoyote ya mjini Kigoma. Kinachopandisha gharama ya kitabu cha watoto ni rangi. Kamati isiyo na fedha ya rangi bado inaweza kuwa na kitabu.

Hapa lazima tutoe onyo. Tusiwafundishe akina mama wetu kuchora Kihindi. Nchini kwetu tunao mfano ulio karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za viwandani. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo na kuunda chama chao cha ushirika. Mtindo huo umeingia katika picha za watoto hadi kwenye televisheni: mwaka 2010 ulirushwa mfululizo wa katuni uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi. Tingatinga alitumia rangi iliyokuwapo dukani. Akina mama wa Mithila walitumia ukuta uliokuwapo nyumbani. Swali letu ni nini kilichopo hapa.

Tulipolijadili jambo hili, mama mmoja alituambia, "Mimi sijui kuchora, najua kusuka mikeka tu." Tukamwomba atuonyeshe anavyoanza mkeka. Alichukua kijiti akachora chini safu za pembetatu, moja ndani ya nyingine, haraka kuliko tulivyoweza kumfuata kwa macho. Baadaye alipewa karatasi na kalamu ya wino. Alichora wanawake wakianika dagaa mwaloni, na maji ya ziwa aliyajaza kwa zile pembetatu za mkeka. Hakuna mchoraji wa mjini angeliwazia ziwa hivyo.

Jambo hili lina uzito wa chakula pia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, akina mama wanaoishi kwa kununua na kuuza dagaa walikosa bidhaa. Hatusemi kwamba kuchora kutalisha familia. Mithila penyewe ilichukua miaka mingi. Tunasema miezi kama hiyo ni miezi ambayo mikono ipo na muda upo.

Kuna faida nyingine kwa darasa. Watoto wengi wa hapa huzungumza Kiha nyumbani na kukutana na Kiswahili sanifu shuleni. Kitabu chenye picha nyingi na maneno machache anaweza kukipeleka nyumbani, na bibi asiyejua kusoma akamsimulia kwa Kiha akifuata picha. Kitabu cha maneno mengi kitabaki kabatini.

Kuhusu haki, tuwe wakali kwa nafsi zetu. Kitabu cha Dulari Devi kina mwenye haki. Kamati isikitoe fotokopi hata kama nia ni njema. Wanaotaka kitu cha kuanzia leo watafute mtandaoni StoryWeaver ya India au African Storybook, ambazo zina hadithi za picha kwa Kiswahili chini ya leseni huria inayoruhusu kuchapisha na kutafsiri, mradi mwandishi na mchoraji watajwe. Vilevile mama wa mkeka ana haki yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayosimamia. Jina lake liandikwe kwenye jalada, siyo "akina mama wa parokia". Malipo yaandikwe kabla kazi haijaanza.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Tunajua fomu za taarifa huuliza idadi ya vitabu vilivyogawiwa. Kontena moja la vitabu vya msaada litatushinda kwa idadi siku zote. Tunaomba fomu ya mwaka ujao iwe na nafasi ya kueleza vitabu vilivyotengenezwa hapa, hata kama ni kimoja.

Kabla ya kikao chenu kijacho, jadilini haya: katika eneo lenu, nani huchora bila kujiita mchoraji, iwe kwenye mkeka, kikapu, mtumbwi au ukuta? Nani atamfikia yule asiyehudhuria vikao? Na mkishapata picha, nani atasikiliza hadithi yake na kuiandika bila kuibadilisha?

Karatasi nne za mama wa mkeka ziko kwenye faili la kamati yetu. Ya tano, anasema, itakuwa ya usiku, taa za wavuvi zikiwa ziwani, na ameomba kalamu yenye wino mzito zaidi.