Picha Kuu ya Habari katika Tovuti ya Chama

Chama cha msingi kinachofungua tovuti hukusudia kuwaarifu wanachama wake tarehe ya mkutano mkuu, bei ya msimu, kufika kwa pembejeo na siku ya malipo. Mwanachama akiifungua tovuti hiyo kwa simu, jicho lake huangukia kwanza picha iliyo juu ya kila habari, na kwa picha hiyo huamua kama habari yamhusu au ni ya mwaka jana. Picha hiyo ndiyo iitwayo picha kuu. Somo hili laeleza namna ya kuionyesha katika tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003, ikisaidiwa na programu ya kujengea kurasa kama Elementor, iliyotoka mwaka 2016.

Kwanza ieleweke kwamba picha kuu si sehemu ya maandishi ya habari. Wakulima wa korosho walioizoea stakabadhi ghalani hawatapata taabu hapa. Mkulima hatembei na magunia. Magunia yamo ghalani, naye ana karatasi inayoyataja. Kadhalika picha hukaa katika maktaba ya picha ya tovuti, na habari hubeba namba ya picha hiyo tu. Picha moja yaweza kutajwa na habari kumi bila kunakiliwa. Lakini karani akiifuta maktabani kwa kudhani anapunguza takataka, habari zote kumi hubaki bila picha. Utaratibu huu umo katika WordPress tangu toleo la 2.9 la Desemba 2009.

Kuteua picha ni kazi nyepesi. Katibu akiwa katika ukurasa wa kuandikia habari hutafuta pembeni maneno Set featured image, hubonyeza, huchagua picha, kisha huhifadhi. Ugumu uko katika kuionyesha: picha imeteuliwa, nayo haionekani. Sababu ni kwamba namba iliyoandikwa katika habari haifanyi kitu mpaka kiolezo cha ukurasa kiiulize. Kiolezo ni umbo moja litumikalo kwa habari zote, mfano wa fomu tupu ya chama ambayo kila mwanachama huijaza kwa jina lake.

Katika Elementor, kiolezo cha habari hutengenezwa kwa zana zilizomo katika toleo la kulipia. Humo huwekwa kipengele cha picha kuu, juu au chini ya kichwa cha habari. Chama kisicho na fungu la fedha hizo kisikate tamaa. Tangu toleo la 5.9 la Januari 2022, WordPress yenyewe ina kihariri cha tovuti nzima kinachofanya kazi hiyo bila malipo, mradi mandhari ya tovuti yawe ya aina inayokikubali.

Kosa moja lastahili kuelezwa kwa kirefu. Anayetengeneza kiolezo aweza kuweka kipengele cha picha ya kawaida, akachagua picha ya sherehe za Siku ya Ushirika, akaona ukurasa umependeza. Habari ya kwanza huonekana vizuri. Wiki inayofuata katibu hutoa taarifa ya msiba wa mwanachama, nayo hutoka chini ya picha ile ile ya ngoma na vicheko, kwa kuwa picha imekazwa katika kiolezo wala haisomwi kutoka katika habari. Wafiwa hawatauliza mambo ya violezo. Kwa hiyo kipengele kiwe kile kinachosoma picha kuu ya habari husika, na kiwekewe picha ya akiba kwa habari zisizo na picha. Nembo ya chama yatosha, haimuudhi mtu.

Katibu aliyezoea kubandika picha ndani ya maandishi na aiache desturi hiyo kwa picha kuu, la sivyo itaonekana mara mbili katika ukurasa mmoja.

Picha itokayo katika simu za siku hizi mara nyingi ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress huipunguza picha kubwa mno hadi pikseli 2,560, na pia hutengeneza nakala ndogo, mojawapo ya pikseli 1,024. Kiolezo kielekezwe kwenye nakala hiyo badala ya picha kamili, maana mwanachama hununua kifurushi cha intaneti kwa fedha zake mwenyewe. Katika orodha ya habari, picha hukatwa ili zilingane, na kwa kawaida hubakizwa sehemu ya kati. Picha ya Bodi ikipigwa kwa kubanana, mjumbe aliyesimama pembeni hukatwa nusu, na maneno hayakawii kuzuka kikaoni.

Picha ya mkulima mizanini huonyesha uso wake. Picha ya orodha ya malipo hufichua majina na fedha za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Ridhaa ya mwenye uso iombwe na iwekwe katika jalada. Orodha ya malipo isitumike kabisa. Kila picha iandikiwe pia maelezo mafupi katika nafasi yake maktabani, ili mwanachama asiyeona asomewe na simu yake.

Habari ikitumwa kwa WhatsApp, picha kuu ndiyo itazamiwayo kuonekana pamoja na kiungo. WordPress yenyewe haitoi maelezo yanayohitajika kwa kazi hiyo, hivyo huongezwa programu ya nyongeza. Kipimo kifaacho ni pikseli 1,200 kwa 630. Mitandao huweza kuhifadhi picha iliyoisoma mara ya kwanza. Kwa hiyo picha ikaguliwe kabla kiungo hakijafika katika kundi la wanachama, maana ikibadilishwa baadaye, ile ya zamani yaweza kuendelea kuonekana kwa muda.