Zoloto: Kupumua, Kumeza na Sauti

Swali: Mgonjwa wa kiharusi hupaliwa kila anywapo maji, na sauti yake imekuwa hafifu. Eleza kwa nini dalili hizi hutokea pamoja. (Alama 6)

Watahiniwa wengi huandika "kidakatonge hakifungi" na kuishia hapo. Hiyo ni nusu ya jibu. Weka kidole kwenye kifundo cha koo, kisha umeze mate. Kinachopanda ni zoloto. Linapopanda, pumzi husimama kidogo, kidakatonge hulifunika, na nyuzi za sauti zilizo ndani yake hubanana. Nyuzi hizo hizo hutetema unaposema. Neva inayoziendesha, vagasi, huanzia kwenye shina la ubongo. Kiharusi kikiharibu hapo, uzi mmoja huweza kupooza: hewa huvuja mgonjwa anaposema, na maji hupenya kwenye trakea anapokunywa.

Usiandike kwamba mgonjwa ajilazimishe kunywa. Maji yakiingia mapafuni na bakteria wa kinywani huweza kuleta nimonia, na wengine hupenyezwa na maji bila hata kukohoa. Daktari wa koo hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera, azione nyuzi zikitembea. (Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alizitazama zake kwa vioo tu.) Mtaalamu wa kumeza huweza kushauri kinywaji kizito, kwa kuwa hushuka polepole na kulipa zoloto muda wa kufunga.

Angalia: kimeo si kidakatonge. Kimeo huning'inia nyuma ya kinywa; hakifuniki trakea.