Hofu ya Usaili Ina Dawa

Ndugu msomi, umeshasimama mbele ya wahadhiri ukatetea ripoti yako ya utafiti. Iweje ukose maneno mbele ya watu watatu wanaokuambia tu, "Tueleze wewe ni nani"? Ni kwa sababu chuoni unajua mtihani unatoka wapi, na kwenye usaili hujui. Dawa basi ni kupunguza yale usiyoyajua.

1. Uelewe mwili wako. Mbele ya jambo zito mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka. Hiyo siyo dalili ya kushindwa. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Kwa hiyo usigombane na moyo. Toa pumzi polepole, jiambie mwili uko tayari kwa kazi.

2. Maliza ya nje mapema. Ukiitwa na Sekretarieti ya Ajira, soma tangazo lote mpaka mwisho. Wanataka kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Hati ya matokeo haichukui nafasi ya cheti. Majina yakitofautiana, shughulikia kisheria leo, siyo asubuhi ya usaili. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kama uko Mtwara na usaili uko Dodoma, anza kutenga hela sasa, ufike siku moja kabla.

3. Andaa matukio, usikariri majibu. Jibu la kukariri ni kama desa: swali likigeuzwa kidogo tu, umekwama. Chagua matukio manne au matano ya kweli, ya fildi, ya kikundi cha semina, hata ya biashara ndogo uliyofanya hosteli. Kwa kila moja ujue: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, kikatokea nini. Linganisha:

"Mimi ni mchapakazi na napenda kushirikiana na watu."

"Nikiwa fildi kwenye halmashauri, majalada ya malipo yalikuwa yamechanganyika. Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikayapanga kwa miezi. Baada ya wiki mbili karani alikuwa analipata jalada bila kumuuliza mtu."

La kwanza anaweza kulisema yeyote. La pili ni lako, na huwezi kulisahau kwa sababu ulikuwepo.

4. Sema kwa sauti. Kusoma kimyakimya hakuuzoeshi ulimi. Kaeni watatu chumbani: mmoja asailiwe, wawili wawe jopo, na wasicheke. Fanyeni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Jirekodi kwa simu, usikilize unavyokimbiza maneno.

5. Ukiulizwa usichokijua, usibuni. Sema, "Hilo silifahamu vizuri, ila ninachokijua ni hiki." Kama hukusikia, omba swali lirudiwe. Hakuna jopo linalokata alama kwa adabu.

Ukikosa nafasi, usijihukumu haraka. Wasailiwa mara nyingi ni wengi kuliko viti. Ila usiku huohuo, kabla hujalala, andika maswali yote uliyoulizwa. Safari ijayo hayatakuwa mageni kwako, na ukimpa daftari hilo mwenzako wa mwaka wa pili, hata yeye hataanzia sifuri.