Sumu Isiyoonekana na Khabari Isiyopimwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na ndugu zetu wa pwani wanaokaa Lodwar na Kakuma, katika nchi ya Turkana, kwa kazi na biashara. Wasema kwamba huko, kila inapotajwa khabari ya vinu vya umeme wa nyuklia, huzuka maneno mengi misikitini na sokoni: kwamba kinu kikipasuka ng'ambo, sumu yake hufika kila pembe ya dunia, kwamba taka za vinu hivyo zimekwisha kufukiwa majangwani kwetu, kwamba unga wa posho na samaki wa mkebe vimechafuka. Wako wanaoyaamini yote, wako wanaoyakanusha yote, na wako wanaosema kwamba Muislamu hana haja ya kuuliza, kwani ajali ni kadari. Wametutaka tueleze ipi katika njia hizi tatu ndiyo ya sharia.

Twasema kwamba hapana hata moja. Na kwa kuwa mas'ala haya si ya Turkana peke yake, bali yamebisha hodi Uyombo, hapa kwetu Kilifi, tumeona tuyafanye somo la wote.

1. MIONZI NI NINI

Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Kinu cha nyuklia hupasua chembe za madini ya urani. Katika kupasuka huko hupatikana joto kubwa. Joto huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashine ya umeme. Lakini huzaliwa pia vitu vingine vitoavyo mionzi, na mionzi hiyo haionekani kwa jicho, hainuki wala haina ladha. Kimojawapo ni iodini 131, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Kingine ni sesiamu 137, ambayo hupungua nusu kila miaka 30. Kinu kikiharibika, vitu hivi huweza kutoka, vikachukuliwa na upepo, vikaanguka na mvua juu ya majani, ng'ombe akala, na mtoto akanywa maziwa.

Lakini yatupasa tujue pia kwamba Mwenyezi Mungu ameiweka mionzi katika ardhi na anga kabla mwanadamu hajajenga kinu. Wastani wa mionzi ya asili impatayo mtu duniani ni kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka. Mlima Mrima, katika Kwale, una mionzi ya asili iliyo nyingi kuliko mahala pengi, kwa sababu ya madini ya thoriamu yaliyomo. Basi mwenye akili haulizi tu, "Je, kuna mionzi?" Huuliza, "Ni kiasi gani, na ni nani aliyeipima?" Suali hilo la pili ndilo msingi wa somo letu.

2. MAFUNDISHO YA CHERNOBYL NA FUKUSHIMA

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kinu kimoja cha Chernobyl, katika Ukraine ya wakati wa utawala wa Kisovieti, kilipasuka. Watu wawili walikufa usiku ule, na 28 wengine wakafa mwaka huo huo kwa mionzi. Lakini zingatieni hili: wakubwa waliificha khabari. Watu wa mji wa Pripyat, uliokuwa karibu na kinu, hawakuhamishwa ila siku ya pili, na ulimwengu haukuambiwa mpaka tarehe 28, baada ya vipimo vya Sweden kuonyesha mionzi hewani. Katika muda ule na siku zilizofuata, watoto wa vijijini waliendelea kunywa maziwa yaliyochafuka. Kufikia mwaka 2005, watu zaidi ya 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule walikuwa wamepata saratani ya tezi ya shingo, na sehemu kubwa ya maradhi hayo ilitokana na maziwa hayo. Jirani yao Poland ilifanya haraka, ikawapa watoto zaidi ya milioni 10 dawa ya iodini ya kuikinga tezi hiyo. Wingu lilikuwa moja. Waliotofautiana ni walioeleza na walioficha.

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari yaliharibu kinu cha Fukushima katika Japani. Watu zaidi ya laki moja na nusu walihama. Kamati ya wataalamu wa mionzi ya Umoja wa Mataifa haikuona kwa wakazi madhara ya afya yaliyosababishwa moja kwa moja na mionzi. Lakini watu zaidi ya 2,000 wa jimbo hilo, wengi wao wazee, wamehesabiwa kufa kwa taabu za kuhama na za maisha ya ugenini. Huko Uchina nako watu walizimaliza dukani chumvi zote, wakidhani iodini iliyomo itawakinga, hali iodini ya chumvi ni chache mno kwa kazi hiyo. Basi Chernobyl yatufundisha kwamba kuficha huua, na Fukushima yatufundisha kwamba khofu nayo yaweza kuua.

3. YALIYOKO TURKANA

Sasa turejee kwa walioulizana Lodwar na Kakuma. Kutoka Fukushima mpaka Turkana ni masafa ya zaidi ya kilomita elfu kumi. Chembe zifikazo mbali hivyo huwa chache mno, hata hujulikana kwa vyombo vya wataalamu tu. Na vyombo hivyo viko: Dar es Salaam kuna kituo kimoja katika mtandao wa kimataifa unaochuja hewa na kutafuta chembe za namna hiyo. Kwa hivyo anayesema kwamba mvua ya Lodwar ina sumu ya Japani hana budi alete kipimo.

Lakini hatusemi kwamba khofu ya watu ni upumbavu, kwani khofu hii ina asili yake. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na ikaongezewa makazi ya Kalobeyei mwaka 2016. Pamoja zina watu zaidi ya laki mbili, na miongoni mwao ni Waislamu wengi kutoka Somalia. Hao wanakumbuka kwamba baada ya mawimbi ya tarehe 26 Disemba 2004, ilienea khabari ya mapipa ya taka za sumu yaliyotupwa na bahari katika pwani yao, na ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 ikazitaja taka hizo, hata zenye mionzi. Wajumbe waliotumwa wakaona sehemu chache tu za pwani, na katika sehemu hizo hawakukuta dalili ya sumu. Uchunguzi kamili haukufanyika, kwa kuwa nchi haikuwa na amani. Matokeo yake ni kwamba watu wa pwani ile hawakupata uthibitisho wala utulivu.

Na ng'ambo ya Ziwa Turkana, katika jangwa la Chalbi, watu wa Kargi wamesema kwa miaka mingi kwamba taka za sumu zilifukiwa huko na waliotafuta mafuta katika miaka ya 1980. Katika Turkana yenyewe mafuta yaligunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012, na wafugaji wa huko wamelalamikia taka za uchimbaji. Wataalamu wanajua kwamba taka za visima vya mafuta huweza kuwa na mionzi ya asili iliyopandishwa na uchimbaji kutoka chini ya ardhi. Basi mfugaji anayeuliza kuna nini katika shimo lile ana haki ya kuuliza, na kumcheka si jibu.

Tena iko sumu ya Turkana ambayo haikuletwa na kinu wala kampuni, na imekwisha kupimwa, nayo ni floridi. Imeonekana nyingi katika maji ya ziwa na katika visima kadhaa, na ikizidi huharibu meno ya watoto, kisha mifupa. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwa furaha kwamba yamegunduliwa maji mengi chini ya ardhi ya Lotikipi, upande wa kaskazini ya Kakuma. Yalipopimwa yakaonekana yana chumvi nyingi. Tazameni: kipimo kimekanusha khabari njema kama kinavyoweza kukanusha khabari mbaya. Ni ajabu kwamba mtu hukesha akiiogopa sumu aliyoisikia, na asiulize habari ya sumu iliyopimwa katika mtungi wake.

4. HUKUMU YA SHARIA

Kwanza: Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tuichunguze khabari tuletewayo na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 83, amewalaumu wale ambao likiwajia jambo la amani au la khofu hulitangaza pale pale, wala hawalirejeshi kwa wanaoweza kulichambua. Mwenye kuipokea khabari ya sumu katika simu yake akaisukuma kwa watu mia kabla ya kuuliza, amefanya lile lile lililolaumiwa, hata akidai kwamba alitaka kheri. Fikirini: mama wa Kakuma akiambiwa kwamba unga wa posho una mionzi, naye hana kingine, atawalisha nini wanawe? Neno moja la uwongo laweza kuwalaza watoto na njaa.

Pili: amri hii haikuwekwa juu ya raia peke yao. Aliyepewa ulezi wa jambo la watu amepewa amana, na kuficha khatari ni khiana. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumdhuru mwenziwe, na maulamaa wa fiqhi wameweka kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Umeme ni manufaa. Lakini manufaa hayo hayamhalalishii mtu kuwanyamazisha wanaouliza juu ya madhara.

Tatu: hoja ya kadari. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alipata khabari ya tauni. Hakusema kwamba ajali haikwepeki. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Ndipo akaamua kurejea, akawatangazia watu wazi. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Na Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Watu wa Turkana, wafugaji wa ngamia, hawana haja ya kufasiriwa hadithi hii.

Nne: twawaonya wenzetu na wale wanaofanya khofu ya watu kuwa duka. Hirizi haizuii mionzi, wala kombe halisafishi maji. Dua ni ibada, nasi twaihimiza. Lakini kuuza karatasi ati ni kinga ya sumu ni kula mali ya watu kwa batili.

5. YALIYO WAJIBU WETU

Serikali ya Kenya ilianza maandalio ya umeme wa nyuklia mwaka 2010, na shirika lake la nyuklia, NuPEA, likachagua Uyombo pa kujengwa kinu cha megawati 1,000. Wavuvi na wakulima wa Uyombo walipinga, na katika maandamano ya Mei 2024 watu waliumizwa. Mwaka 2025 viongozi wakaanza kutaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kinu huhitaji maji mengi ya kukipoza, kwa hivyo wakaao kandokando ya bahari na maziwa yote wana sababu ya kutaka kujua.

Lakini kujua kuna mlango wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 42 haki ya mazingira safi. Sheria ya mwaka 2016 imeamuru ofisi ya umma ijibu ombi la khabari katika siku 21, na ikiwa jambo lahusu uhai wa mtu, katika saa 48. Iko pia mamlaka ya kudhibiti nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo kazi yake ni kusimamia mambo ya mionzi.

Basi twawashauri ndugu zetu wa Lodwar na Kakuma mambo matatu. Wasieneze khabari ya sumu ila waijue asili yake. Kila msikiti uchague watu wawili au watatu wanaojua kusoma na kuandika vizuri, waandike kwa ofisi zinazohusika kutaka vipimo vya maji wanayokunywa, vya floridi na vya mionzi pia, na majibu yasomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, yakiwa mazuri au mabaya. Na vijana wao wahimizwe kusoma elimu ya kemia na fizikia, kwani umma usio na mpimaji wake mwenyewe hautakuwa na hila ila kuamini au kukanusha maneno ya wengine. Na haya twayasema kwa watu wa Mombasa, Malindi na Lamu pia. Si haki tungoje mpaka waje wajenzi ndipo tutafute maana ya mionzi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Na awahifadhi ndugu zetu wa Turkana, wenyeji na wakimbizi, awape maji safi na viongozi wakweli. Amin.